Bibi na Gurudumu la Miaka

Tegeni masikio, enyi wenye simu mikononi na wazee nyumbani, niwasimulie vita vya Bibi, malkia wa cherehani, mwenye kidole gumba kilichotiisha vitambaa vigumu, dhidi ya programu ya kumpelekea nesi vipimo vya presha.

Sharti lilikwisha kutangazwa na binti yake, mkali wa maneno: "Mama, ukishindwa kutuma mwenyewe, unahamia kwangu. Sitaki kusikia umeanguka huku peke yako."

"Kwako kuna ngazi na kelele," akanena Bibi. "Lete simu."

Programu ikamwuliza mwaka wa kuzaliwa, ikamwekea gurudumu la miaka lililoanzia mwaka huu. Bibi akavaa miwani kama avaaye deraya, akashuka enzi kwa enzi, na kila mwaka aliofika akausalimu.

"Huu ndio mwaka ambao babu yenu alinunua redio, ikaungua siku hiyo hiyo."

"Mama, sogeza tu!"

"Nasogeza kwa heshima. Hii ni miaka yangu."

Alipoukaribia ujana wake, kidole kikavu kikateleza. Gurudumu likaruka kama farasi aliyeona nyoka, likamtupa katika karne ya watu waliokwisha kuzikwa. Akapanda, likamtupa tena. Kisha simu ikafumba kioo na kumrudisha mwanzo.

"Basi, Mama," binti akasema taratibu. "Nikufungashie nguo."

Hapo akainuka mjukuu, msanifu wa programu ile, aliyekuwa kando tangu mwanzo akitazama kwa uchungu. "Subiri, shangazi. Gurudumu nililiweka mimi. Nilipolijaribu, mwaka wangu ulikuwa karibu. Sikuifikiria safari ya Bibi."

Akafungua kompyuta, akaling'oa gurudumu, akaweka tarakimu kubwa kama vifungo vya koti.

"Nikubonyezee, Bibi?"

"Thubutu! Mikono nyuma."

Bibi akabonyeza tarakimu moja moja, kama apigaye muhuri wa dola. Akaandika presha yake. Akatuma. Hata feni ikaonekana kusita.

Jibu la nesi likashuka: "Nimepata, Bibi. Presha nzuri. Utume tena kesho."

"Mmesikia?" akanguruma shujaa. "Kesho nina kazi, hapa hapa. Sasa nendeni kwenu, mnanipandisha presha."

Binti akacheka hadi akafuta macho, akatafuta viatu vyake.

Basi wapiga mbiu watangaze, na wanaoandika ushindi wa mataifa waache nafasi: siku ile mshonaji mmoja alituma namba zake kwa kidole chake, akafunga mlango kwa komeo lake, akalala nyumbani kwake.