Kompyuta Iliyoikana Diski Yake

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kompyuta,

Kwa heshima zote, na kwa mwandiko uliopinda kwa hasira (wala si kwa uzee, kama mke wangu anavyodai), naishtaki kompyuta iliyomo nyumbani mwangu.

Mimi ni fundi saa, na kazi hii nimeifanya miaka thelathini na moja. Juma lililopita niliamua kuipunguzia mzigo kompyuta ya mke wangu, mshonaji, kwa kuiundia upya kiini cha Linux, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamsha mashine nzima. Kabla ya kukiunda unaulizwa maswali maelfu: hiki unakitaka, kile je? Nami nilijibu kifundi. Nisichokijua, nilikitoa. Nimeshafunga saa nyingi zikabaki skrubu mbili mezani, na mpaka leo zinatembea.

Sasa tazama vituko vyake:

1. Nilipoiwasha, iliandika kwamba imepatwa na taharuki, ikaganda. Mimi mwenye nyumba sijataharuki, yenyewe imeona nini?

2. Inadai haioni diski. Diski imo tumboni mwake! Nilifungua kifuniko nikaionyesha kwa bisibisi. Ikashikilia uongo wake.

3. Katika diski hiyo mna vipimo vya sare za wauguzi arobaini, za kukabidhiwa Ijumaa. Tangu Jumatatu mke wangu hanisemeshi. Chai naletewa, salamu sipewi. Inaniuma, Mhariri, nisikufiche.

4. Mama mkwe amekuja kumfariji binti yake, akapewa chumba changu cha kazi. Saa kumi na saba za wateja amezisimamisha, ati zinampigia kelele.

Kwa hiyo naomba gazeti lako lidai kila kompyuta iapishwe kabla ya kuuzwa kwamba itaitambua diski yake, na ikiikana, ifikishwe mahakamani kama baba aliyemkana mwana. Ushahidi nitatoa mwenyewe.

Wasalimie wachapaji, watu wa michezo, na yule mama anayepokea simu.

Wako katika kudai haki,
Fundi Saa, nyumba ya geti la kijani

Tanbihi: Nikitafuta bahasha, mke wangu ameiwasha kompyuta, akabonyeza mshale wa chini mara moja kwenye orodha ya kuwashia, na kiini cha zamani, ambacho kumbe hakikufutwa, kimeamka na vipimo vyote arobaini. Kisha akayapitia majibu yangu. Miongoni mwa nilivyovitoa, kimo kile cha kusomea diski. Hatimaye amenisemesha: nisiguse hata swichi ya taa mpaka Ijumaa. Nimefurahi hadi machozi. Tafadhali usiichape barua hii, maana gazeti lako yeye ndiye huanza kulisoma.