Ombi la Kupunguza Uji wa Darasa la Tatu

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umesimama wima, jambo ambalo mimi kwa sasa siliwezi. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni, karatasi juu ya sinia lililopinduliwa, kwa hiyo naomba mwandiko huu usihesabiwe kuwa utovu wa adabu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wako wa darasa la tatu, yule mwembamba mwenye pengo, ambaye nyumbani tunamwita Unyoya. Kazi yangu ni kupakia na kupakua magunia ya unga ghalani, mwaka wa kumi na moja huu. Kwa miaka minne dawa ya mgongo wangu imekuwa moja tu. Kila jioni nalala mkekani, Unyoya anavua viatu, anapanda, anatembea kutoka kiunoni hadi mabegani na kurudi mara ishirini, mama yake akimshika mkono asianguke. Mifupa inaalika, nami nainuka mtu mpya.

Sasa dawa imegeuka sumu. Tangu muhula huu uanze, Unyoya akinikanyaga nahisi nimepandiwa na bibi harusi pamoja na masanduku yake. Nalia, Mwalimu. Mtu mzima nalia mbele ya mke wangu.

Sikukurupuka kumlaumu mtu. Nilianza na magunia. Msimamizi wetu alinionyesha kwa kidole maandishi yaliyo juu ya gunia: KILO 50, kama mwaka jana na mwaka juzi. Akasema magunia ni yale yale, ila sisi tumezeeka na tunapenda kulalamika. Mimi ni mtu wa kuheshimu maandishi, basi nikaliondoa gunia katika orodha ya watuhumiwa. Godoro siligusi, nalala chini tangu muuguzi aliponishauri. Muuguzi huyo huyo aliniandikia mapumziko ya wiki mbili, dawa ambayo msimamizi alisema ghala letu halina. Chupa ya maji ya moto, mafuta ya kuchua, kulala na miguu juu ya kiti, yote tumejaribu. Aliyebaki ni mmoja, naye anakula kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uji. Zamani mlikuwa mnawapa kikombe kimoja saa nne asubuhi. Muhula huu, kwa maelezo ya mwanafunzi mwenyewe, anayemaliza anaruhusiwa kuongezwa. Wazazi tuliulizwa lini? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kinashushwa kila jioni juu ya uti wa mgongo wangu.

2. Kusoma. Mmemfundisha kupita kiasi. Siku hizi anapanda na kitabu. Akifika mahali patamu anasimama, kisigino kimoja juu ya figo yangu, mpaka sungura aokoke. Juzi sungura alichelewa kurasa tatu.

3. Sayansi. Ameambiwa uti wa mgongo una pingili thelathini na tatu. Amehesabu zangu kwa kidole gumba cha mguu, akapata thelathini na moja. Tangu siku hiyo anazitafuta mbili zilizopotea.

4. Vipimo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Amepima meza, amepima mlango, amempima mama yake kiuno na kukitangaza kwa jirani, nyumba ikakosa amani siku mbili. Nilipomwambia gunia lina kilo hamsini aliniuliza nani alipima. Nikamjibu kwamba imeandikwa. Alinitazama kwa huruma, mtoto wa miaka tisa.

Usidhani nafanya mzaha. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi naeleza wazi. Msimamizi ametangaza kwamba atakayeshindwa kumaliza fungu lake kabla ya mwezi kwisha atavua fulana ya kazi amwachie mwenye mgongo. Wiki iliyopita nilishindwa siku mbili. Wenzangu walinimalizia huku wakinitania kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini niliwaona nao wakishika viuno. Siku nitakayovua fulana ile, Unyoya naye atavua sare yako. Hilo naliogopa kuliko maumivu yenyewe.

Kwa hiyo naomba lolote kati ya haya. Kwanza, kikombe kirudi kuwa kimoja, tena kisifike ukingoni. Hilo likishindikana, Unyoya arudishwe darasa la kwanza, ambako nimeona kwa macho yangu kwamba watoto ni wepesi. Na hilo likishindikana pia, shule iniazime mwanafunzi mwingine asiyezidi kilo kumi na nane, kila jioni isipokuwa Jumapili. Nitamrudisha akiwa salama. Akiwa bado hajui kusoma nitashukuru zaidi.

Usije ukasema nakusingizia, Jumamosi nitampeleka Unyoya kwenye mizani ya ghala, niambatishe uzito wake hapa kama ushahidi.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, na hasa mpishi, ambaye namwomba asinune. Mama Unyoya anakusalimu na anasema yeye hahusiki na barua hii.

Wako niliyepinda lakini mwenye heshima,
Baba Unyoya

Tanbihi: Ushahidi umepatikana. Msimamizi alipokwenda kunywa chai, karani wa mizani alituruhusu. Kadi ya shule ya mwaka jana inasema Unyoya ana kilo ishirini na mbili. Mizani ilisema ishirini na mbili na nusu, na viatu alikuwa navyo. Nikiwa bado natafuta pa kuficha uso, Unyoya akauliza, na lile gunia je? Nikamwambia imeandikwa. Akasema tulipandishe tu. Tukalipandisha mimi na karani, naye akasoma kwa sauti, kama mlivyomfundisha: sitini na nane. La pili likawa sitini na tisa. La tatu halikuhitajika, lakini wenzangu walikuwa wameshakusanyika na kila mmoja alitaka kuona la kwake.

Ningeichana barua hii, ila Unyoya ameisoma yote na amenikataza. Anataka uisahihishe kwa kalamu nyekundu, umpe airudishe, tuinakili na kumpelekea mwenye ghala. Palipoandikwa mtoto tutaandika gunia. Wenzangu kumi na wanne wako tayari kutia sahihi, na vipimo vyote ataviandika yeye. Uji usipunguzwe, Mwalimu. Uongezwe. Mtoto ana kilo ishirini na mbili tu, na mimi muhula mzima nimekuwa nikimwambia kwamba ni mzito.