Firigisi ya Dindon

Jumamosi, 22 Novemba 2025. Buffalo.
Theluji. Mgongo unauma. Bwana asifiwe hata hivyo.
Grâce, binti yangu wa Columbus, amepiga simu. Alhamisi ni siku ya Shukrani ya Waamerika, niende kwake Reynoldsburg, pembeni ya mji. Na baba yake mdogo, Bahizire, atatoka Louisville na mke wake Clémence. Moyo ukashuka. Bahizire ni mdogo wangu, tumbo moja. Lakini ana nyumba ya ghorofa, ana tai sita za shingoni, na sala zake ni ndefu kuliko zangu.
Ni Shukrani ya kwanza bila Esperance. Mke wangu alilala katika Bwana mwezi wa pili. Daftari, nikwambie jambo ambalo mchungaji halijui: maneno yake nimeanza kuyasahau. Nakumbuka firigisi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwingine akiila, amekalia kiti chako. Hata huku, kwa kuku wa dukani, Esperance aliitafuta, akaniwekea kwenye kisahani cha bluu, akakifunika. Miaka ishirini na nane!
Bon. Siku hiyo wanakula dindon, yaani bata mzinga. Dindon mmoja, firigisi moja. Sisi wanaume wawili. Nani atapewa?

Jumapili, 23 Novemba
Nimepata njia! Anayehutubia mezani hawezi kunyimwa. Baada ya ibada nikamwomba mwalimu wetu wa Kiingereza anieleze historia ya siku yenyewe. Akasema watu walikimbia kwao kwa ajili ya imani, wakaja kwa meli. Baridi ya kwanza ikaua nusu yao. Wahindi wakawafundisha kupanda mahindi. Walipovuna wakala pamoja siku tatu.
Donc walikuwa wakimbizi kama sisi! Na wale Wahindi ndio walikuwa kesiwoka wao, kama yule wa ofisi aliyetupokea sisi. Sikuelewa tu Wahindi walifikaje huku mapema hivyo. Mimi nawajua wale wa maduka ya vitambaa, Bukavu. Sikuuliza. Mtu mzima akiuliza sana anaonekana hajui.

Jumanne, 25 Novemba. Reynoldsburg.
Siku nzima ndani ya basi. Grâce amesema nimekonda. Dindon yuko ndani ya friji, mzito kama mtoto wa mwaka.
Nilipotoka kunawa nikamsikia Grâce kwenye simu jikoni: "Ndiyo, baba mdogo, firigisi iko mikononi mwako. Usimwambie papa."
Mikononi mwake! Binti niliyembeba mgongoni toka Kivu hadi kambini! Hamu ya chakula ikaisha. Nilikula sahani mbili tu.

Jumatano, 26 Novemba
Grâce alienda kazini kwa wazee anaowahudumia. Nikapiga magoti. Nikafungua Biblia popote, macho yakaangukia Esau, aliyepoteza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa sababu ya chakula. Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Ujumbe gani tena ningesubiri?
Nikaingiza mkono tumboni mwa dindon. Baridi ya kaburi. Kulikuwa na mfuko wa karatasi, firigisi ndani. Nikaufunga katika plastiki, nikautia mfukoni mwa koti langu. Sikuiba. Changu nimekiwahi tu. Bahizire asiipate, basi, hilo linatosha.
Jioni Bahizire akafika. Tai ya kijani.

Alhamisi, 27 Novemba. Shukrani.
Sijui nianzie wapi.
Asubuhi Grâce akaingiza mkono ndani ya dindon hadi kiwiko. Hakuna kitu. Akaniangalia. Nikaangalia dari. Bahizire akasema labda ndege wa Amerika wanakula unga, firigisi ya nini?
Nilikataa kuvua koti. Grâce akadhani nasikia baridi, akaongeza joto la nyumba. Nikatoka jasho. Mfuko nao ukatoka jasho. Clémence akauliza nani amemwaga maji. Bahizire akasema mzee ana malaria.
Nikahutubia. Mambo yalikwenda vizuri hadi kwa Wahindi. Nilipotaja maduka ya vitambaa, Bahizire akakohoa kile kikohozi chake cha msomi wa shule ya jioni. Eti hao si watu wa India. Ndio wenyewe wa nchi hii, waliokuwepo kabla ya meli. Baadaye wakanyang'anywa ardhi, na wengi wa wajukuu wao leo hawasherehekei, wanaomboleza. Sisi watu wa Kivu tunajua kunyang'anywa. Clémence akasema amina, kwa makosa.
Kisha Bahizire akasimama. Grâce akaleta kitu kimefunikwa. Kisahani cha bluu! Sikujua alikichukua baada ya mazishi. Bahizire akasema tangu juma lililopita Grâce alimwomba anikabidhi firigisi kwa mikono yake, mbele ya wote, kwa niaba ya marehemu. "Mkubwa wangu, ndege amekuja bila firigisi. Pokea kisahani tu."
Akafunua. Kitupu.
Grâce akalia. "Papa, unisamehe. Kitu kimoja cha mama, na hicho nimeshindwa."
Daftari, mkono wangu ulikuwa mfukoni. Niliishika kabisa. Ningeweza kusema. Nikasema: "Si neno, mwanangu." Tone likaanguka kwenye kiatu changu.

Ijumaa, 28 Novemba. Buffalo.
Basi tena. Jirani yangu alihama kiti kabla ya Cleveland. Koti linanuka.
Nimefika nikaichemsha firigisi. Nikafungua madirisha yote, theluji ikaingia. Nimeitupa. Kisahani cha bluu kiko mezani mbele yangu, kisafi. Sijui nikiweke wapi.
Grâce amepiga simu, bado anajilaumu. Ilinibidi nimfariji. Nikamwambia labda ni Clémence, yule mwanamke anapenda kuchungulia sufuria za watu. Mungu anisamehe, alitulia kidogo.
Noeli wote wanakuja kwangu. Nitanunua dindon mwenyewe. Firigisi nitaitoa siku tatu kabla, kwa usalama, nisimwambie mtu. Kanisani nimeshapata koti lingine. Lina mifuko minne, miwili ya ndani.