OK ya Dada Jovitha

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimemwandikia dada Jovitha, mwenye duka la mapazia Kariakoo. Meseji ndefu, nimeifuta mara tatu. Nimeomba kona ya kibaraza chake nitandike nguo za watoto kuanzia Alhamisi, mwanangu Sitara alale kwenye boksi pembeni yangu. Miezi mitatu namwacha kwa jirani. Akirudi ananukia mafuta ya mtu mwingine.
Kajibu: OK.
Herufi mbili. Hata nukta hana.

Jumanne, 9 Julai
Nimemwonyesha Bakili. Anasema OK ni OK, mke wangu, kula ulale. Huyu Bakili nilimwambia bomba linavuja, akasema oke. Bado linavuja. Mama yake akipiga simu anajibu oke, oke, oke, yaani mama kata simu. Fundi cherehani akisema oke, ujue kitambaa hajakigusa. Nesi wa kliniki tu, alimpima Sitara akasema oke, nikatoka natembea kama bibi harusi.
Dada Jovitha si nesi.

Jumatano, 10 Julai
Nimepata akili. Nimemwandikia kwamba nimeghairi, kona siitaki. Kama alinikubali kweli atashtuka, atanibembeleza.
Kajibu: OK.
Nilijua. Kona lazima kampa Mwanne, muuza soksi, yule anayeniita shoga huku anapekua nguo zangu.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeenda kuhakikisha, Sitara mgongoni. Mwanne kajaa pale na soksi zake. Nikamwambia dada Jovitha, shikamoo, lakini umenificha.
Akaniuliza nimefichwa nini. Jumatatu nilitaka, akasema OK, akamnyima muuza mikanda, akafagia. Jana sikutaka, akasema OK, ndipo akampa Mwanne. Yeye kakosea wapi?
Halafu akanionyesha boksi. Kalitandika vipande vya pazia, laini, vya maua. La Sitara.
Nikalia. Sitara naye akalia. Mwanne akasogeza soksi zake, akasema njoo hapa shoga, mnatufukuzia wateja.

Ijumaa, 12 Julai
Nusu kona inatosha. Sitara kalala asubuhi nzima kwenye maua yake, ananukia mafuta yangu mwenyewe. Jioni nimemwandikia dada Jovitha shukrani, meseji ndefu, na dua ndani.
Kajibu: Sawa.
Siku zote OK, leo sawa. Kuna kitu.
Kesho nitamwandikia kwamba naacha, nione kama atashtuka.