Lalamiko Dhidi ya Neno "Inggih", na Binti Aliyeshika Sinia Wiki Tatu

Kotagede, Jumatatu Legi

Kwa Pak Tugiman,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Nyumba ya tatu kutoka kisimani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUKWAMA KWANGU, NA HATUA ZINAZOPASWA KUCHUKULIWA NA MTAA

Natumaini kikohozi cha mkeo, Bu Tugiman, kimepungua. Mimi sijambo, isipokuwa nimekwama. Najua ukuta mmoja tu unatutenganisha, na ningeweza kugonga nikaja kukueleza kwa mdomo. Nimeamua kuandika kwa sababu barua haiwezi kujibiwa kwa kutikisa kichwa.

Kama ujuavyo, huu ni mwezi wa nane jarida letu la Kijava la kila wiki linachapa hadithi yangu ya Wening. Imebaki sehemu moja. Wening ameingia sebuleni na sinia ya chai. Wazazi wa kijana anayemposa wamekaa. Mama wa kijana amemuuliza mbele ya watu kama yuko radhi kuolewa na mwanawe. Kilichobaki ni Wening kujibu, na hajajibu. Amesimama na sinia mkononi wiki tatu. Kwa hesabu yangu chai ile imeshaota ukungu.

Mhariri amenivumilia mara mbili, akachapa mapishi ya tempe, ile mikate ya soya, mahali pa hadithi. Sasa ameandika kwamba nisipofikisha sehemu ya mwisho Alhamisi hii, siku ya Wage kwa kalenda yetu ya Kijava, itaandikwa na mpwa wake. Nimesoma hadithi zote nne za kijana huyo. Zote zinaishia kwa treni. Katika ya tatu kisa kilikuwa kisiwani, ambako hakuna reli, naye akaijenga. Kwa hiyo, Pak, soma malalamiko haya ukijua kwamba kuna binti atakayegongwa.

Usidhani nimekaa bure. Nimechonga penseli zote. Nimehamishia meza dirishani, kisha nikaiondoa dirishani. Nimefunga Jumatatu na Alhamisi. Mhariri alinishauri niandike chochote kile, mradi mkono utembee, nikaandika kurasa sita za maelezo ya pazia. Ni pazia zuri. Wening bado amesimama mbele yake.

Nimetafakari kwa makini chanzo cha kukwama huku, na nimeridhika kwamba si mimi.

1. Nyundo yako. Wewe ni sonara wa fedha, na kugonga ni kazi yako. Sikulalamikii kugonga. Nakulalamikia kunyamaza. Nyundo inaponyamaza najua umeiweka chini, na ukiiweka chini unakuja kwangu kuuliza hadithi imefika wapi. Tangu hapo siandiki tena, nasikiliza viatu.

2. Ahadi. Jumapili ya kusafisha mitaro, Bu Sarjinah mshonaji alinishika mkono akasema, "Bu Kadar, yule Wening akubali bwana, mimi nimeshamkatia kitambaa cha harusi Palupi wa Pak Mwenyekiti, nuksi isije ikaingia kwenye sindano yangu." Nikamjibu, "Inggih." Mzee wetu Mbah Karyo akadakia kutoka mtaroni, "Akatae. Mama mkwe yule ana ulimi wa upupu, mimi nisingemwoa hata yeye." Nikamjibu, "Inggih, Mbah." Mke wa imamu anataka Wening aombe mwaka mmoja wa kufikiri. Muuza uji anataka ijulikane kwamba kijana ana mke mwingine mjini Semarang. Wote niliwajibu neno lilelile, maana ningewajibu nini tena, mikono imejaa matope na wao ni majirani? Nimehesabu, nimeahidi miisho kumi na mmoja. Hadithi ina nafasi ya mmoja.

3. Neno lenyewe. Hapa niwie radhi, nimefundisha Kijava miaka thelathini na minne na siwezi kupita bila kueleza. Wageni huambiwa kwamba "inggih" ni "ndiyo" ya heshima. Hilo ni sawa na kusema kwamba mlango ni ubao. Inggih ziko nne. Ya kwanza ni ya kukubali. Ya pili ina maana ya nimesikia, endelea kusema. Ya tatu ni hapana, ila wewe ni mkubwa wangu na sitaki uondoke na aibu. Ya nne ni ya baadaye, na wazee walishatuonya kwamba anayeisema mara mbili usimngojee.

Kwa mfano wa ya kwanza, nitakutajia ile ya binti yako Palupi, siku watu wa Klaten walipokuja kumposa. Nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango. Mama wa kijana wao Danang alipomuuliza kama yuko radhi, Palupi aliinamisha macho akasema, "Inggih," kwa sauti ya chini, fupi, isiyotetemeka. Nilijiambia moyoni kwamba kama ningekuwa bado darasani ningeileta ile kama kielelezo. Nakiri kwamba sinia ya Wening niliichukua kwenye sebule yako wiki ile ile.

Sasa tazama shida yangu. Binti wa Kijava mwenye adabu, mbele ya wakubwa, ana jibu moja tu. Kila nikiandika, "'Inggih,' akasema Wening," naweka penseli chini, kwa sababu mimi niliyemwumba sijui amesema nini. Darasani ningetazama macho. Kwenye karatasi hakuna macho. "Hapana" ya heshima ipo, naijua, niliwapa watoto mtihani juu yake kila mwaka, lakini sijawahi kumsikia binti akiitumia sebuleni.

4. Palupi. Huyu namsema kwa uchungu maana nampenda. Kila alasiri anakuja kwangu, anaketi kwenye kibao cha jikoni, anauliza, "Wening amejibu nini, Bu?" Namwambia, "Nduk, binti yangu, husemi amejibu. Unasema atajibu." Ananitazama, anamenya kitunguu, anaondoka. Kesho yake anarudi na kosa lilelile. Binti aliyepata alama tisa kati ya kumi kwangu. Nakuomba kama baba umkumbushe sarufi, kwa sababu kila akiondoka mawazo yangu yote yanakuwa yameondoka naye.

5. Wewe. Usiku wa mkutano wa mtaa, wali ulipokwisha kugawiwa, ulinisogelea ukaniambia, "Bu, mimi si mtu wa kuingilia sanaa. Ila mama yake Danang anasoma jarida lile, analisoma hadi matangazo. Wening akikataa, watu wa Klaten watatufikiriaje? Mpitishe tu salama, Bu, harusi iishe, halafu hadithi ijayo uwakatalie wote." Nikasema inggih. Nilipofika nyumbani nilijaribu kukumbuka ilikuwa ipi kati ya zile nne, na hadi leo sijapata jibu. Mwenyekiti, mtu asiyeijua inggih yake mwenyewe atamwandikiaje mwenzake?

Juu ya hilo, siku hiyo hiyo nilikuomba cheti. Nawe ulijibu, "Inggih, Bu, nitashughulikia." Hii ni wiki ya pili.

Kwa hiyo naomba rasmi mambo matatu.

La kwanza ni Cheti cha Kukwama, chenye muhuri, nimpelekee mhariri. Najua utasema fomu haina nafasi hiyo. Mtaa huu hutoa cheti cha umaskini, cha kupotelewa na cha tabia njema. Mwaka jana ulimpa Mbah Karyo cheti kwamba bado yu hai, akiwa amesimama mbele yako anakuazima kalamu. Kama mtaa unaweza kuthibitisha uhai, kukwama hakutaushinda.

La pili, watu kumi na mmoja niliowaahidi waitwe, kila mmoja atie sahihi kwamba amenifungua ahadi yangu. Muuza uji anaweza kuweka dole gumba.

La tatu, na ndilo kubwa, neno "inggih" lipigwe marufuku ndani ya mipaka ya mtaa wetu, kuanzia kisimani hadi lango la makaburi, mpaka Alhamisi. Anayetaka kukubali aseme amekubali. Asiyetaka aseme hataki. Nimefikiria madhara yake. Biashara zitasimama, ndoa mbili au tatu zitatikisika, na mikutano yako itakuwa mifupi sana, kwa kuwa ukiondoa neno hilo kwenye kumbukumbu za mkutano uliopita inabaki tarehe. Lakini nina hakika kwamba watu wakilazimishwa kusema wanachokusudia, siku tatu tu, masikio yangu yatafunguka na Wening atapata la kusema. Ikishindikana mtaani, niko tayari kumwandikia diwani. Ikishindikana kwa diwani, yupo Sultani, ingawa nahofu naye atajibu "inggih".

Nimalizie hapa nisikuchoshe. Nisalimie Bu Tugiman na kikohozi chake, Bu Sarjinah na sindano zake, Mbah Karyo kwa kuwa cheti chake bado kinatumika, na wote wanaonisubiri niwape mwisho wao. Namkabidhi Palupi barua hii akuletee, maadamu yuko hapa jikoni na viatu vyake viko karibu na mlango.

Jirani yako aliyekwama,

Kadarwati
Mwalimu mstaafu

N.B. Nimechelewa kuituma. Kabla sijafunga bahasha nilimpa Palupi aisome, aangalie kama kuna neno lililoruka. Alisoma akicheka mpaka lalamiko la tatu. Hapo akaketi. Akasema, "Bu, ile haikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya tatu."

Sikumwelewa, nami ndiye niliyeweka namba. Nikamuuliza, basi kwa nini hukutuambia mwezi mzima, kitambaa kinakatwa na wewe unatazama? Akasema, "Nilisema, Bu. Nilisema mbele ya watu kumi na saba. Kila siku nakuja kuona kama kuna hata mmoja aliyesikia."

Pak Tugiman, naondoa maombi yote matatu. Neno liachwe lilivyo. Lalamiko la nne naliombea radhi, sarufi yake haikuwa na kosa. Sehemu ya mwisho nimeiandika akiwa ameketi hapo hapo, mistari kumi na mmoja, nayo itafika kwa mhariri kabla ya mpwa wake kuwasha treni. Sikuielezea. Wening amesema neno lake, na safari hii mama yake mwenyewe, kutoka jikoni, ameinua kichwa.

Kwa upande wa Klaten sijui taratibu za kuvunja posa, mimi ni mwalimu wa lugha. Bora uende wewe, mapema, kabla jarida halijatoka. Ila uje kwangu kwanza. Ukimuuliza, mruhusu akujibu kwa lugha ya chini, ya watoto uwanjani, ambamo hapana ni hapana na hakuna anayevunjika.

Nimemuuliza kama ananiruhusu nikuletee barua hii mwenyewe, pamoja na haya niliyoongeza. Akasema, "Inggih." Nikamuuliza ni ya ngapi. Akasema ya kwanza.