Amueni Wenyewe, Lakini Mniulize

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechoka! Ajwang amenipigia simu kabla sijamaliza chai. Panya wametoboa hema, afanyeje? Nikakata. Akapiga tena: uzi umeisha. Akapiga tena kuniuliza kama nimekasirika. Huyu ni fundi wa mahema mwenye wajukuu!

Hapa kwa Mzee Hemant tunakodisha mahema na viti vya harusi na vya matanga, Kisumu mpaka vijijini. Mimi ni msimamizi wa ghala. Mwezi ujao Mzee anaenda ng'ambo kukaa na bintiye, na anatafuta meneja wa kumwachia biashara. Ni mimi au ni Lornah wa ofisini. Lornah! Mtu wa kupokea simu na kuandika tarehe. Mzee ametuambia wazi kwamba hataki meneja ambaye vijana wake hawawezi kufunga kamba bila kumuuliza.

Basi nimepata dawa. Nimewaita Ajwang na Wakhisi, dereva wetu, nikawatangazia kuwa kuanzia leo kila mtu atatatua shida yake mwenyewe. Wasiniulize. Wasinieleze hata. Wakhisi akauliza, je, shida ikiwa kubwa? Nikamwambia hilo tayari ni swali.

Jumatano, 11 Juni

Dawa imeingia! Simu kimya. Ajwang ameziba matundu ya panya kwa uzi wa nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani. Kazi safi, nakubali. Ila mshono wake unakwenda upande. Mimi ningeunyoosha. Nikamwambia hivyo, akafumua wote akaanza upya. Mbona fundi huyu hajiamini?

Mzee Hemant amepita ghalani, akaona mambo yanavyokwenda bila kelele, akanipiga bega. Lornah alikuwa anatazama. Raha iliyoje!

Ijumaa, 13 Juni

Balaa. Nimetoka msikitini nikapitia ofisini. Lornah akaniambia, kwa sauti tamu kabisa, kwamba kesho tuna kazi mbili na hema kubwa ni moja tu, lile jeupe la mapazia. Kuna harusi ya Sneha kule Milimani. Baba yake, Siddharth, ni shemeji yake Mzee. Na kuna mazishi kijijini Pap Onditi. Nikamuuliza nani alikubali zote mbili. Akasema aliwauliza Ajwang na Wakhisi, nao wakamjibu watapanga wenyewe. Akaongeza, si ndiyo amri yako, Bwana Seif?

Nikaenda ghalani. Nikawakuta wanacheka. Wanacheka! Sikuuliza wamepanga nini. Nitaulizaje, na mimi ndiye niliyepiga marufuku maswali? Lakini mtu mwenye mpango hacheki hivyo. Nimempigia Rayyan, rafiki yangu wa Kondele mwenye mahema. Ameapa ataniletea moja asubuhi. Hawa wawili si lazima wajue.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi mapema nilimkuta Wakhisi ameshapakia hema jeupe. Nikamwamuru alipeleke Pap Onditi moja kwa moja, maana maiti haisubiri, na mambo ya harusi aniachie mimi. Akafungua mdomo kueleza. Nikamwambia asieleze, aendeshe. Akaendesha.

Rayyan alipopokea simu alikuwa Busia, kule mpakani, yeye na hema lake.

Nikampigia Wakhisi arudi mbio. Akasema pole Bwana, hema limesimama, akina mama wa msiba wameshakaa chini yake, na huku hema haling'olewi marehemu akiwa bado juu ya ardhi. Nikaomba kuongea na wenye msiba. Nikapewa nyanya mmoja, akanishukuru kwa Dholuo huku analia, akanibariki mimi na watoto wangu. Nikaitikia amina.

Hapo ndipo Ajwang akanieleza walichokuwa wamepanga. Hema jeupe lingekwenda Milimani. Kwa matanga walikuwa wameazima hema la kikundi cha akina mama wa Nyalenda, na watu wa Pap Onditi walikuwa wameridhika. Lori lingepeleka la kwanza, lirudi kuchukua la pili. Basi! Mpango ambao hata mtoto angeuelewa. Kwa nini hawakuniambia?

Likawa limebaki hilo la Nyalenda. Ajwang akalileta Milimani kwa mkokoteni. Hema zuri, halina hata doa. Ila mbele limeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa: POLENI WAFIWA. Tukajaribu kufunika kwa maua. Maua yakatosha neno la kwanza. Bibi harusi amepigwa picha zote chini ya lile la pili, na mama yake alinitazama mpaka nikajificha nyuma ya sufuria za pilau.

Jumapili, 15 Juni

Mzee hakunifokea. Afadhali angenifokea. Amesema polepole kwamba vijana walikuwa wameshamaliza kazi, nami nikaja nikaifumua. Lornah ndiye meneja.

Imeniuma, sifichi. Rehma, mke wangu, alikuwa ameshawatangazia dada zake. Nilikaa nyuma ya viti vya plastiki ghalani nikalia kidogo. Ajwang akaniletea chai.

Jumanne, 17 Juni

Nimetafakari kwa utulivu na nimeona kosa lilipo. Ni la Wakhisi. Mtu anayejiamulia mambo kweli angekataa amri yangu. Hawajaiva hawa, na ni mimi niliyeanza kuwafundisha. Siwezi kuwaacha katikati.

Kesho wanakwenda Usenge, kando ya ziwa, kusimamisha hema la mkutano wa wanunuzi wa samaki. Lornah ameagiza Wakhisi aachwe aamue kila kitu, hata mahali pa kuchimbia vigingi, na mimi nibaki ghalani nipanguse viti. Nikakubali bila ubishi mpaka akanishangaa. Nimeshaongea na mtu wa bodaboda, atanichukua kabla lori halijaondoka. Pale ufuoni kuna akina mama wanaoanika omena. Nimeazima leso ya Rehma, nitajitanda nikae katikati yao, hakuna atakayenijua. Najua Wakhisi ataelekeza mlango ziwani, upepo uingie wote. Sitamwingilia. Sitasema hata neno. Nitamwonyesha kwa mkono tu.