Sheria ya Jimbo na Vidonge vya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Julai 2024

Baridi ya Iyunga leo haina adabu. Lakini kuna habari njema! Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa umeingia ujumbe: "Sheria mpya ya jimbo yalinda dawa za bei ya punguzo. Kampuni za dawa zapigwa marufuku kuyanyima maduka ya dawa punguzo hilo." Nimeusoma mara tatu. Jimbo! Jimbo letu! Na hapa steshenari kwangu hakuna mteja aliyelitaja. Maana yake mimi Halfani ndiye wa kwanza kuelewa.

Uchaguzi wa mitaa ni mwishoni mwa mwaka. Fanueli wa bajaji naye anautaka uenyekiti wa mtaa, kama mimi. Atawapa nini wazee? Lifti. Mimi nitawapa dawa.

Nimeanzia nyumbani. Vidonge vya presha vya mama mkwe, Bi Jaha, vinaisha leo. Nimemwambia asinunue vingine, asubiri bei ya sheria. Akauliza mpaka lini. Nikasema siku mbili tatu. Mke wangu Nusrat akaniangalia tu. Sikupenda alivyoniangalia.

Jumanne, 2 Julai

Nimekwenda duka la dawa la dada Mariya. Nikamwambia kwa upole kwamba sheria imeshapita, ashushe bei. Akauliza sheria ipi. Nikasema ya jimbo. Akauliza jimbo gani. Nikacheka. Mtu amezaliwa hapahapa, baba yake na babu yake wameuza dawa hapahapa, hajui jimbo lake!

Akasema niache utani, kuna wagonjwa nyuma yangu. Nimeondoka. Anaficha kitu huyu.

Jioni nimechapisha kadi arobaini: "Kamati ya Punguzo, Mwenyekiti H." Nimezipiga lamination. Zinapendeza sana.

Jumatano, 3 Julai

Ofisi ya jimbo. Katibu akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwamba jimbo halitungi sheria. Jimbo linachagua mbunge. Sheria inatungwa Dodoma. Nikamuuliza kwa nini basi ujumbe unasema jimbo. Akasema hajui. Na mimi sijui. Tukaagana, watu wawili wazima.

Kadi zimeshagawiwa kwa wazee kumi na tisa. Siwezi kuzirudisha.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeelewa! Devotha, anayeuza vitumbua mbele ya steshenari, kaniambia Wakatoliki nao wana jimbo. Jimbo la kanisa! Na kanisa lina zahanati, na zahanati zina dawa. Kila kitu kimekaa sawa. Nikamuuliza kama jimbo la huku linahusika. Akasema shemeji yake alipata dawa nafuu kwa masista wa Iringa. Basi ni Iringa.

Nusrat anasema mama ameamka na kichwa kizito. Nikamwambia ni baridi.

Ijumaa, 5 Julai

Basi la alfajiri. Tairi limepasuka Igawa, nimekula mahindi mawili ya kuchoma na kuwaeleza abiria sheria. Mmoja akauliza swali ambalo sikulielewa. Nikamjibu hata hivyo.

Iringa nimefika saa nane. Sista wa mapokezi akaniuliza mimi ni wa parokia gani. Nikasema mimi Mwislamu, lakini kwenye dawa niko tayari kufuata sheria ya jimbo lao. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema sheria walizonazo ni za ndoa na mapadri. Hakuna hata moja ya vidonge. Akanipa chai.

Nimelala gesti karibu na stendi. Sielewi tena neno jimbo. Nikilisema mara nyingi linakuwa kama jina la mbuzi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepigiwa simu nikiwa Chimala, njiani kurudi. Nusrat, analia. Mama ameanguka jikoni. Sikumbuki barabara kutoka pale.

Nimewakuta kituo cha afya. Bi Jaha kalala, mdomo umekauka. Dada Mariya ndiye aliyekimbia na mashine ya presha, Fanueli akambeba mama hadi kwenye bajaji yake. Daktari akauliza ameacha vidonge tangu lini. Nusrat akajibu: tangu Jumanne, kwa amri ya mume wangu. Daktari akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

Mama akafungua macho, akaniita. Nikainama nipate radhi yake. Akaninong'oneza: "Mwanangu, hiyo sheria imefika?"

Nimelia mbele ya Fanueli.

Jumapili, 7 Julai

Mama ameruhusiwa kurudi nyumbani. Alhamdulillah.

Dada Mariya ameleta vidonge mwenyewe. Akaomba auone ujumbe wangu. Akabonyeza palipoandikwa "soma zaidi". Mimi sikuwahi kubonyeza. Chini kabisa: Marekani! Kule nchi imegawanywa majimbo, na kila jimbo lina bunge lake. Kampuni za dawa zilikuwa zinakataa kuyapa maduka bei ya punguzo kwa ajili ya wagonjwa wa kliniki za watu maskini, ndipo jimbo moja likatunga sheria. Nikauliza kwa nini kampuni ilazimishwe kuuza kitu inachouza. Akasema hata yeye imembidi asome mara mbili.

Halafu akasema vidonge alivyoleta ni dawa ileile ya mama, ya kiwanda kingine, kwa nusu ya bei. Vilikuwa rafuni siku zote. "Kaka Halfani, ulikuja kunifundisha sheria. Ungeniuliza bei tu."

Nusrat alikuwa mlangoni. Nimeahidi mbele yao wote wawili: ujumbe wa simu sitauamini tena.

Jumanne, 9 Julai

Mama ametembea mpaka kwa jirani na kurudi. Wazee wameanza kuniuliza habari za kadi. Fanueli anapita akipiga honi.

Lakini leo umeingia ujumbe mwingine: "Shirikisho lakubali kulipia miwani ya wazee." Safari hii nimebonyeza "soma zaidi" kabisa, bando likaisha kabla haujafunguka. Si neno. Jimbo lilinichanganya kwa kuwa yako mengi. Shirikisho la mpira ni moja tu.

Kesho asubuhi naenda uwanjani kuonana na katibu wa soka wa mkoa. Nimeshapima macho ya wazee kumi na mmoja kwa kutumia kalenda.